Benchi Fupi la Mzee Gervas

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, sufuria na maneno matamu kiasi kwamba nilitazama nyuma nione ni nani huyo anayesifiwa. Kisha mkaniomba niandike niliyoyaona kazini, kwa ajili yenu mliobaki na wale watakaokuja. Haya, mmeyataka wenyewe. Vyeo nitaviruka kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara nitauacha palepale ulipo, maana mnapokea huo huo na habari zake mnazijua. Nitaandika kazi yenyewe ya ustawi wa jamii hapa kwetu Ujiji, na zaidi nitaandika habari za benchi moja.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino kirefu. Vumbi jekundu la mji huu lilinifundisha adabu kabla ya chai ya saa nne, na kesho yake nikaja na ndala kama watu wengine wenye akili zao. Ofisi ilikuwa chumba kimoja tulichogawana na bwana shamba, katikati tumetenganishwa na kabati. Mteja akinisimulia mambo ya chumbani kwake, bwana shamba upande wa pili anakohoa kwa heshima ili tujue kwamba yupo na kwamba anajitahidi asisikie. Alikuwa anasikia yote. Mteja wangu wa kwanza alikuwa baba mmoja wa Kidahwe aliyekuja kumshtaki mkewe kwa kumhamishia sebuleni, alale na magunia ya muhogo. Nikamwuliza sababu. Akaapa kwamba hakuna sababu yoyote, ila tu ameoa mke wa pili na alipitiwa kumwambia wa kwanza. Kabati likakohoa. Mimi nikajifunza siku hiyo hiyo kuandika maelezo ya mtu bila kucheka, ujuzi ambao chuoni hawakunipa.

Aliyenifundisha kazi kwa kweli hakuwa mkuu wangu wa idara. Alikuwa Mzee Gervas, mwenyekiti wa baraza la usuluhishi la kata, mwalimu mstaafu, Muha wa Kasulu aliyeoa Ujiji na kuhamia moja kwa moja. Kwa walio wageni katika shughuli hizi, baraza lile kazi yake ni hii: sheria ya ndoa inataka wanandoa wanaotaka kuachana wasikilizwe kwanza na wazee. Wazee wakishindwa kuwapatanisha wanatoa hati kwamba wameshindwa, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Mimi kama afisa ustawi nilikuwa nakaa pembeni kutoa ushauri. Mzee Gervas aliichukia ile hati. Kila alipolazimika kuitia saini alikuwa na sura ya kocha aliyefungwa goli kwake, mbele ya wakwe.

Sasa, benchi. Fundi mmoja wa Kasingirima alikuwa ametengeneza benchi zuri la mninga, watu wanne wanakaa bila kubanana. Mzee alipoliona akalirudisha likakatwe. Likakatwa, akalijaribu, akalirudisha tena. Alitaka liwe fupi hivi kwamba mume na mke wakikaa, wasipate pa kukwepana. Nadharia yake ilikuwa kwamba hasira haiwezi kudumu kama mabega yanagusana. Basi kila shauri lilianza hivyo: wanandoa bega kwa bega kwenye benchi fupi, wazee mbele yao, mwenyekiti kwenye kiti chake cha mikono chenye mto alioufuma mkewe. Mume anasema kwanza, mke anafuata, halafu Mzee anasubiri benchi lifanye kazi.

Na lilifanya kazi, msinicheke. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mawese aliyeuza mbuzi wa mkewe akanunua spika kubwa ya muziki. Wote wawili ni watu wa miili, na benchi ni lile lile. Mama alipofika kwenye habari za mbuzi akapandwa na ghadhabu, akajisogeza kidogo tu, baba akadondoka chini puu. Yule mama akamtazama mumewe pale sakafuni, akaanza kutetemeka mabega, tukadhani analia, kumbe kicheko kimemshinda. Akamwinua, akamkung'uta suruali, wakaondoka wanabishana nani abebe ile spika kwenda kuiuza. Mzee Gervas akalipapasa benchi lake kama mtu anayempongeza ng'ombe.

Kwa ugomvi wa aina hiyo sijaona zana bora. Lakini benchi halikuwa na macho ya kutofautisha ugomvi na kipigo. Wala sisi tuliolizunguka hatukuwa tumefundishwa kutofautisha, na ndipo ninapofika kwa Yustina.

Yustina alikuwa mwanamke wa Kagunga, kule juu ziwani karibu na mpaka, ambako kwenda Kigoma ni kwa boti au huendi. Kazi yake ilikuwa kununua dagaa wabichi, kuwaanika kwenye vichanja na kuwauza. Mumewe Melkiori alikuwa mvuvi, ana mtumbwi na injini yake, mchangamfu, mtu wa watu, anayekuamkia shikamoo ungali mbali. Walikuwa wameoana kimila, mahari imetolewa, na watoto wawili wa kike. Yustina alimkimbia akaja kujihifadhi kwa shangazi yake Kasingirima, na shangazi akamleta kwetu akisema kwamba binti huyu anapigwa na mumewe. Tukamwita Melkiori. Akashuka bandari ya Kibirizi na boti ya asubuhi, kavaa shati la kanisani.

Wakakaa kwenye benchi. Melkiori akasema kwanza, na akasema vizuri: wamekosana kidogo, vitu vya nyumbani, anaomba radhi kwa wazee kwa kuwachosha. Zamu ya Yustina ikafika. Akafungua mdomo, Melkiori akakohoa, Yustina akafunga. Mzee akamhimiza kwa upole. Akafungua tena, akatazama chini, akasema, "Hakuna neno, Mzee." Akaulizwa mara ya mwisho kama kuna lolote. Hakuna neno. Mzee akawaombea, wakashikana mikono, wakaenda Kibirizi kupanda boti moja kurudi kwao. Jioni ile Mzee alinunua samaki, migebuka ya kukaanga, tukala kwa furaha. Shangazi peke yake hakula. Alikaa kizingitini ameshika tama, na nilipomuaga hakuitikia.

Miaka ile ndiyo mambo yalikuwa yanaanza kubadilika. Huku kwetu sheria ikibadilika huko makao makuu, inasafiri taratibu sana, utadhani inakuja kwa treni ya mizigo. Lakini ilifika. Polisi wakafungua dawati la jinsia na watoto, lenye chumba chake na askari wa kike ambaye hakuulizi ulimuudhi nini mumeo. Hospitali wakaanza kumtibu aliyeumizwa kwanza, karatasi ya polisi ikafuata baadaye. Wakaja wasaidizi wa kisheria wa bure, vijana wenye pikipiki na subira. Mahakamani nako kazi ya mke nyumbani ikawa inahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa, wakati zamani ungeambiwa kwamba kufua na kupika ni mapenzi tu, na mapenzi hayagawanywi.

Tukaitwa kwenye semina. Mwezeshaji, binti mmoja mdogo mwenye sauti ya upole, akatuambia kwamba penye kipigo wanandoa wasiketishwe pamoja, anayepigwa asikilizwe peke yake, na asilazimishwe kupatanishwa. Akaongeza kwamba sheria imeacha mlango: kama mazingira hayaruhusu mtu kupita barazani, mahakama inaweza kumpokea bila baraza. Mzee Gervas akanyoosha mkono. Akauliza kama benchi lake limealikwa kwenye semina hii lije lijitetee. Ukumbi ukaangua kicheko, binti naye akacheka, lakini njia nzima ya kurudi Mzee alikuwa amenuna. Aliniambia ameunganisha ndoa nyingi na mbao zile, na hakuna mtu wa kumwambia atumie viti.

Haukupita muda mrefu Yustina akarudi. Safari hii alikuja ofisini kwangu peke yake, ametoka hospitali, mkono umefungwa plasta na jicho moja limevimba. Dawati lilikuwa limeshaandika maelezo yake. Nilimpa chai ya tangawizi na kanga safi, kwa sababu aliyovaa ilikuwa na damu. Hapo niwaambie zana zangu mimi: kanga mbili safi kwenye droo, chupa ya chai, na mlango unaofungwa. Kanga na chai nilinunua mwenyewe. Mlango niliupigania kwa miaka, na siku ulipowekwa bwana shamba alisikitika waziwazi.

Nikamwuliza anataka nini. Swali hilo liulizeni kila mara, msiende kwa mnachotaka ninyi. Akasema, "Shauri la kunivunja mkono polisi wanalo, wataamua wao. Mimi, Bi Tatu, nataka nisirudi." Alitaka talaka, watoto wake, na nyumba ya matofali aliyoijenga kwa dagaa wake pamoja na vichanja vilivyo mbele yake. Melkiori alikuwa ameshatangaza Kagunga nzima kwamba kiwanja alipewa na baba yake mdogo, kwa hiyo nyumba ni yake, vichanja ni vyake, na Yustina ataondoka na masufuria. Kuhusu kipigo alikuwa na jibu moja tu: mwulizeni mwenyewe, mbele ya wazee wa Ujiji si alisema hakuna neno?

Nikamwambia habari za ule mlango, kwamba tunaweza kumpeleka mahakamani moja kwa moja bila kupita barazani. Akafikiri, akakataa. Alisema wazee wale walimsikia akisema hakuna neno, basi anataka wale wale wamsikie akisema lililopo. Vinginevyo Melkiori atatembea na lile jibu lake maisha yote, na mabinti zake watakua wakilisikia. Niliogopa. Nilijua kwamba akikaa tena kwenye benchi lile na mdomo ukafungika tena, Mzee hatatoa hati, na Melkiori atakuwa na ushahidi mara mbili.

Nikaenda kwa Mzee. Nikamkuta anapalilia mchicha wake. Nikamweleza kwamba semina ilisema wasikae pamoja. Akasema yeye hana ugomvi na semina, ila benchi haliondoki, kwani limekosa nini? Yustina alikaa pale akasema mwenyewe kwa kinywa chake. Tulibishana hadi mkewe akatoka ndani kuuliza kama tumehamishia baraza pale. Mwishowe nikasema, "Mzee, benchi tusiliondoe. Ila hiyo siku ulikalie wewe, na Yustina akae kwenye kiti chako." Akanitazama. Akacheka kwa dharau kidogo. Nadhani aliona nimempa nafasi ya kulisafisha jina benchi lake mbele ya watu wote, naye si mtu wa kuikwepa nafasi ya namna hiyo.

Siku ikafika. Melkiori akaingia na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, akawaamkia wazee mmoja mmoja, akaenda kukaa mahali pake. Mzee Gervas akajikunja akakaa kando yake, bega kwa bega, na kandambili zake za kila siku. Yustina alikataa kabisa kukalia kiti cha mwenyekiti, akasema ni utovu wa adabu. Ilibidi Mzee mwenyewe amwamuru akiwa palepale kwenye benchi. Akakaa kwenye ncha ya ule mto, plasta mapajani. Nikaomba leo mke aanze kusema. Melkiori akauliza tangu lini utaratibu umebadilika. Mzee akamjibu kwamba leo ni siku ya Bi Tatu, tumvumilie.

Yustina akaanza kwa sauti ndogo. Akasema siku ile ya kwanza alitaka kusema jambo. Melkiori akakohoa. Hapohapo nikamwona Mzee Gervas ameruka kidogo, uso umekunjamana. Akatazama chini, akatazama mbele. Yustina akaendelea, akasema kwamba mumewe huanza kumpiga pale anapokosa samaki, na pia anapopata. Kikohozi kikaja tena, na safari hii Mzee akaguna kwa maumivu, baraza zima likasikia. Akageuza shingo pole pole.

"Kijana," akasema, "mguu unaoukanyaga ni wangu."

Melkiori akauondoa mguu upesi, akaomba radhi, akasema alikuwa anajinyoosha. Nadhani alikuwa anasema kweli kwamba hakukusudia. Macho yake yalikuwa kwa mkewe muda wote, mguu ukafanya kile ulichozoea kufanya. Mzee alikuwa anamtazama Yustina, na sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya mwenyekiti.

"Mwanangu, siku ile ulivaa nini miguuni?"

"Kandambili, Mzee."

"Na huyu alikukanyaga?"

"Kila nilipofungua mdomo."

Mimi nililia, na sioni haya kuwaambia. Mjumbe mmoja alitoka nje akajifanya anatafuta mtandao wa simu. Mzee Gervas aliinuka kwenye benchi akichechemea, akasimama nyuma ya kiti chake alichokalia Yustina, akamwambia aendelee, hakuna haraka. Na Yustina akaendelea. Kiswahili kilipomwishia akahamia Kiha, akasema yote, kuanzia mwaka wa kwanza wa ndoa mpaka plasta. Melkiori alibaki peke yake kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza niliona lilivyo dogo. Hakuna aliyemuuliza kama wapatane. Hati ilitolewa siku hiyo hiyo na Mzee aliitia saini bila ile sura yake ya kocha.

Walipoondoka sikuwaacha waende Kibirizi pamoja. Na hili liandikeni ukutani: mkimaliza kumsikiliza mtu, mwulizeni analala wapi leo na anapanda boti gani. Mtu akikueleza ukweli wote asubuhi, kisha jioni akakaa saa nyingi ubavuni mwa yule aliyemtaja, katikati ya ziwa, hakuna sheria ya kumfikia huko. Melkiori alipanda boti ya siku ile. Yustina akabaki kwa shangazi yake, na shangazi safari hii alikula migebuka mpaka akaomba ndimu nyingine.

Mahakamani alisaidiwa na mmoja wa wale vijana wa pikipiki kupanga maelezo yake. Hakimu alikuwa dada mdogo, mkavu, haonyeshi meno. Melkiori akatamba na kiwanja cha baba yake mdogo. Hakimu akamwuliza nani alichoma matofali, nani alianika dagaa, na wavuvi wake walikuwa wanakula kwa nani. Majibu yote yalikuwa mtu mmoja. Mwishowe mtumbwi na injini vikabaki kwa Melkiori, nyumba na vichanja vikaenda kwa Yustina, watoto wakabaki na mama yao, baba akaamriwa matunzo. Melkiori aliapa atakata rufaa, na nasikia anaapa mpaka leo. Shauri la mkono nalo polisi walilifikisha walikolifikisha, akapata adhabu yake, akatulia.

Mzee Gervas ukucha wa kidole gumba cha mguu ulimng'oka. Hakulalamika. Alichofanya ni kumwita fundi alete viti viwili, akaviweka mbali, na tangu siku hiyo hakuna wanandoa walioketishwa kabla kila mmoja hajaulizwa peke yake, chumbani kwangu, mlango umefungwa. Wale wa mbuzi na spika walikuwa wanaambiwa wavisogeze viti wenyewe wakitaka, na wengi walivisogeza. Kuhusu benchi, nilidhani atalifanya kuni. Akaniambia halikukosa lenyewe, apewe Yustina, atajua cha kulifanyia. Yustina akalipakia kwenye boti pamoja na magunia ya unga akaenda nalo.

Safari yangu ya mwisho ya kikazi nilijipangia Kagunga, na Mzee akang'ang'ania kufuatana nami. Amezeeka sana. Boti ilivyoanza kurushwa na mawimbi alikuwa mtu wa kuungama dhambi zote, zake na za jirani. Tukafika salama. "Mwakeye," Yustina akatuamkia kwa Kiha kutoka kibarazani, amenenepa, mkono umepona, vichanja mbele ya nyumba vimejaa dagaa waliokauka vizuri na binti zake wakiwafukuza kunguru. Na chini ya Yustina mwenyewe, pale kibarazani, lilikuwa benchi. Alikuwa amekaa katikati yake hasa, ametanua magoti, beseni mapajani, anachambua dagaa.

Mzee alipoliona alifurahi kama aliyeonana na ndugu. Akalisogelea moja kwa moja, akaanza kujikunja akae kama zamani, akisubiri Yustina asogee. Yustina alimpa shikamoo ya heshima zote, akamwagiza binti yake mkubwa alete kiti kizuri kile cha ndani, chenye mto. Yeye mwenyewe hakusogea.

"Unisamehe, Mzee wangu," akasema. "Fundi alikosea kipimo. Hili ni la mtu mmoja."

Mzee Gervas akabaki ameinama nusu, akilitazama benchi lake. Kisha akacheka mpaka akajishika kiuno, akapokea kiti, akakisogeza nyuma kidogo, akakaa.